Ndoo Mlangoni pa Soko

Zamani tuliposhuka kutoka Nkunga kwenda sokoni Tukuyu, msongamano tuliuona kuwa heri: palipo watu wengi ndipo penye biashara. Lakini Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa Arusha, macho yetu yaligeuka. Ndoo za maji na sabuni ziliwekwa penye masoko na stendi. Magari ya abiria yalikatazwa kuchukua watu wa kusimama. Nasi, tufundishwao kwamba kumnyima mzee mkono ni dharau, tulimsalimu mmoja kwa mbali. Akauliza, “Je, mwanangu, nimekuwa mwenye ukoma?” Tuliona haya sana.

Siku hizi twashikana mikono tena. Ndoo nyingi zimekauka, na kila mtu hudhani mwenziwe ndiye wa kuteka maji.