Urithi wa Mchimba Dhahabu

Kakamega ilivuta watu kwa dhahabu tangu 1931. Hadi leo, mchimbaji wa Rosterman akifa, warithi hukimbilia mnunuzi wa vyuma chakavu: sururu, kalibu na kikaango vyote vikapimwa kwa kilo. Sikubali! Kalibu ina bei ya ufundi. Aitazame ajuaye kusubu. Madeni yakishalipwa, mjane, marehemu akiwa ameacha watoto, apate thumuni yake ya bei ya haki, si ya haraka ya mwana mkubwa.

Na kikaango kilichochomewa zebaki? Sumu ile haiishi kwa kusugua na jivu. Mama wa watu atakinunua awapikie wanawe mchuzi! Muuzaji aliyeficha ila hiyo amekula haramu. Kitobolewe, kisifae jikoni.