Ugomvi wa Palestina Una Tarehe Yake

Kila Gaza inapowaka moto, barazani kwetu hurudi kauli zilezile. Nimechoka kuzinyamazia, hasa kwa kuwa wanaozisema ni watu ninaowaheshimu.

"Wanapigana tangu Isaka na Ishmaeli." Hii ndiyo yenye madhara kuliko zote, maana ugomvi wa damu hauna msuluhishi. Lakini kwa karne nyingi Wayahudi waliishi Baghdad, Cairo na Fez katikati ya Waarabu. Sisemi waliishi kwa raha: walilipa jizya, kodi ya wasio Waislamu, na kuna nyakati walishambuliwa. Ila hawakuwa wakigombea nchi. Ugomvi wa nchi ni wa mwishoni mwa karne ya 19, pale Wayahudi wa Urusi walipoanza kuuawa na kuporwa mwaka 1881, na baadhi yao wakakimbilia Palestina, iliyokuwa chini ya Waturuki, ili walime.

"Nchi ilikuwa tupu." Ahad Ha'am, Myahudi aliyeitaka sana nchi hiyo, aliitembelea mwaka 1891 akaandika kwamba ni vigumu kupata ardhi nzuri isiyolimwa. Tazama bonde la Marj Ibn Amir. Hati za mashamba zilikuwa mikononi mwa matajiri wa Beirut, akina Sursock. Walioshika jembe ni wanakijiji, na wengi wao hawakuwa na karatasi yoyote. Akina Sursock wakauza, kwa mujibu wa sheria, na wanunuzi wa Kiyahudi wakataka mashamba bila watu wake. Mkulima akalala ana konde, akaamka anaambiwa ahame. Uchungu wa hapo haukuhitaji maandiko matakatifu, na hati halali haikuupoza.

"Ni vita vya Uislamu na Uyahudi." Al-Karmil la Haifa, 1908, na Filastin la Jaffa, 1911, yalikuwa miongoni mwa magazeti ya mwanzo kuupinga Uzayuni, yaani harakati ya kuwapatia Wayahudi makao Palestina. Yote mawili yalianzishwa na Waarabu Wakristo.

"Wayahudi wote ni wageni walioletwa na Mwingereza." Hapana. Jerusalem, Safed, Tiberias na Hebron zilikuwa na Wayahudi kabla Mwingereza hajakanyaga huko. Mwaka 1929 Wayahudi 67 waliuawa Hebron, na wengine wakapona kwa sababu Waarabu majirani zao waliwaficha majumbani. Kosa la Mwingereza ni jingine: mwaka 1917, katika Azimio la Balfour, aliwaahidi Wayahudi makao ya kitaifa katika nchi ambayo Waarabu walikuwa wengi mno, na Waarabu hao hakuwataja hata kwa jina. Aliwaita "jamii zisizo za Kiyahudi." Sensa yake mwenyewe ya 1922 ilihesabu watu wapatao 757,000, na Wayahudi kati yao walikuwa kama 84,000.

Na ile tunayoipenda Afrika Mashariki: "Wangeikubali Uganda, yote haya yasingetokea." Kwanza, haikuwa Uganda. Eneo ambalo serikali ya Uingereza ilijitolea kuwapa mwaka 1903 ni nyanda za Uasin Gishu, leo Kenya. Mkutano wa Wazayuni ulilikataa mwaka 1905. Waziri mkuu wa Uingereza siku hizo alikuwa Balfour huyohuyo wa Azimio la 1917, na Wamaasai na Wanandi waliochunga ng'ombe huko nao hawakuulizwa.