Mlima Haumjui Mgumu

Hapa kwetu Kwa Sadala, na kote penye barabara ziendazo Masama na Machame, vijana wapandao Kilimanjaro na mizigo ya wageni huitwa wagumu. Ni jina la sifa, nao hulipenda. Lakini mimi nalihofu jina hilo. Kwa maana mtu akiisha kuitwa mgumu, atawezaje kusema, "Kichwa chaniuma"?

Wako watu, tena wengine ni wazee wenye heshima, wasemao ya kuwa ugonjwa wa mlima ni wa Wazungu tu, na ya kuwa Mchagga amezaliwa mlimani, hawezi kudhurika. Neno hili si kweli, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, tazameni twakaa wapi. Mji wa Moshi haufiki mita 1,000 juu ya bahari, na vihamba vyetu vingi vi chini ya mita 1,800. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895, na huko kila pumzi huleta oksijeni karibu nusu tu ya ile ya pwani. Watu wa Tibet, ambao wazee wao waliishi mahali pa juu sana kwa maelfu ya miaka, wana urithi wa mwili uwasaidiao. Wataalamu walilionyesha jambo hilo mwaka 2010. Sisi je, ni babu yupi aliyepanda migomba Shira au Barafu? Kuutazama mlima kila asubuhi si kuuzoea.

Pili, nguvu si kinga. Waganga wachunguzao michezo na kazi za mwili wameona ya kuwa mkimbiaji hodari huugua kama mtu mwingine yeyote. Linaloamua zaidi ni kasi ya kupanda na kimo cha mahali mtu alalapo. Tena mwenye nguvu yumo hatarini, kwa kuwa miguu yake humfikisha juu kabla damu yake haijawa tayari.

Tatu, fikirini safari yenyewe. Wataalamu hushauri ya kuwa, akiisha kupita mita 3,000, mtu asipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku. Basi tazameni njia ya Marangu: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Asiyepumzika siku moja njiani hupanda mita 1,000 kila siku! Na mgeni huambiwa "pole pole", lakini mgumu hutangulia mbio na mzigo, apate kuandaa kambi.

Mtu atajibu: "Mbona fulani amepanda mara nyingi, wala hakudhurika?" Ni kweli kwamba mwili huzoea. Lakini mazoea hayo hupotea mtu akiisha kukaa chini majuma machache. Aanzaye msimu mpya ni mgeni tena mbele ya mlima.

Basi tufanyeje? Kichwa kikiuma huko juu, pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu au kukosa hamu ya chakula, mtu asipande zaidi mpaka apone. Akiyumba kama mlevi, au akisema maneno yasiyo na maana, ubongo wake umevimba. Akihema hali amekaa kimya, maji yameingia mapafuni. Huyo ateremshwe mara moja, hata ikiwa ni usiku wa manane, wala asiachwe ateremke peke yake.

Wakuu wa hifadhi wameweka mpaka wa kilo 20 kwa mzigo, na tangu mwaka 2003 liko shirika la kutetea wapagazi. Hayo ni mema, lakini mizani ya langoni haipimi kichwa kiumacho. Kiongozi amwulizaye mgeni hali yake kila jioni, na amwulize mpagazi vivyo hivyo, wala asimkate ujira kwa kusema kweli. Na sisi wazazi, kijana akirudi kabla ya wenzake kwa ugonjwa, tusimcheke. Aliyeteremka mzima atapanda tena. Aliyenyamaza ili asiaibike huenda akaletwa nyumbani amebebwa. Mlima haumwulizi mtu kabila lake, wala haulijui jina la mgumu.