Hela ya Bibi Ndani ya Kopo

Mama mwenzetu, neno "hela" tunalolitaja kila siku gengeni lilianza kuwa jina la sarafu. Wakati wa utawala wa Wajerumani, kuanzia mwaka 1904, rupia moja ilihesabiwa kuwa heller 100 badala ya pesa 64 za awali. Heller ikawa hela midomoni mwa babu zetu, na jina likabaki baada ya sarafu yenyewe kuondoka. Kwa hiyo anayelalamika kwamba hana hela wala pesa anataja sarafu mbili za kale kwa mkupuo mmoja!

Sarafu hizo hazijaisha zote. Sisi wa huku Ipole, kwenye njia panda ya Mpanda na Rungwa, tunajua kwamba katika nyumba za wazee huwa kuna kopo. Ndani yake mna vifungo, sindano, ufunguo usio na kufuli, na chini kabisa sarafu moja au mbili zilizofifia. Bibi akifariki, kopo humwangukia mkwe au binti, naye mara nyingi huwapa watoto wachezee. Au hupita mnunuzi na pikipiki yake, akatazama haraka haraka, akasema, "Hizi chuma chakavu tu mama, nikupe ya sukari." Kama ni chuma chakavu, mbona amezifuata mpaka porini? Tumeona yafaa akina mama tujifunze kuzisoma sarafu hizi wenyewe, kabla hatujauza kitu ambacho huenda ni cha ukoo mzima.

Anza kwa kutafuta herufi ndogo. Sarafu nyingi za Wajerumani zilipigwa kwao Ulaya: herufi A ni Berlin, na J ni Hamburg. Lakini ukiona mwaka 1916 na herufi T, umeshika kitu cha nyumbani, maana T ni Tabora.

Habari yake ni hii. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, meli za Waingereza zilifunga bahari na sarafu mpya hazikuweza kufika. Askari, wapagazi na wauza vyakula walitaka kulipwa, na watu hawakuipenda pesa ya karatasi. Basi mwaka 1916, katika karakana ya reli pale Lulanguru, mashariki ya mji wa Tabora, Wajerumani wakaanza kupiga sarafu wenyewe. Walitumia shaba waliyoipata kwa shida, yakiwemo maganda matupu ya risasi. Walitoa hela 5, hela 20, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo Wabelgiji waliingia Tabora, na kazi ilikuwa imekwisha.

Sasa tuangalie ile ya hela 20, kwa kuwa ndiyo unayoweza kuikuta. Upande mmoja una taji, herufi D.O.A. na mwaka 1916. Upande wa pili una 20 HELLER katikati ya matawi ya majani, na T chini. Kwanza tazama rangi. Ziko nyekundu za shaba tupu, na ziko za shaba ya njano. Za njano zilipigwa nyingi zaidi kwa mbali. Halafu tazama taji: kuna taji kubwa na kuna taji dogo. Kisha geuza, uzitazame zile L mbili za neno HELLER. Katika sarafu nyingine ncha za L zote mbili zimechongoka. Katika nyingine zote mbili zimejikunja. Na katika nyingine ni L ya pili peke yake iliyojikunja.

Utauliza, kwa nini zisifanane? Sababu ni kwamba mihuri ya chuma ya kupigia ilichongwa kwa mkono. Muhuri ukichakaa au ukipasuka, fundi huchonga mwingine, na mkono haurudii kazi ileile mara mbili. Wewe unayesuka ukili unalijua jambo hili. Tena jicho la mwanamke limezoea: tunatenganisha chuya na mchele, tunatambua kanga yetu kambani kati ya kumi za majirani, hatutashindwa na ncha ya herufi. Isipokuwa tuliovuka miaka arobaini itatubidi tumwite mtoto mwenye macho makali! Kaa karibu na dirisha asubuhi au jioni, mwanga uje kwa ubavu, na alama zitajitokeza. Kamera ya simu nayo hukuza vizuri.

Hela 5 ya Tabora hutazamwa kitako cha taji. Kuna taji lenye kitako cha mviringo kidogo, na kuna lenye kitako kilichonyooka.

Ya dhahabu ni wachache sana watakaoiona, kwani zilipigwa 16,000 na kitu tu. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, huko Iramba, na mihuri ilichongwa na sonara kutoka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Ina tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Penye maneno DEUTSCH OSTAFRIKA kuna nakshi. Ncha ya nakshi ya kulia huishia chini ya herufi T katika baadhi ya sarafu, na chini ya A katika nyingine. Uzito wake ni gramu 7 na kidogo. Nayo ndiyo inayoigizwa mno na matapeli, kwa hiyo akitokea mtu anakuuzia wewe, fika kwanza kwa sonara mwenye mizani. Na wale wanaonong'ona kwamba rupia ya Mjerumani ina nguvu ya kuvuta utajiri, wafungie mlango.

Jambo moja tunaliomba sana: usiisugue. Tunajua raha ya sufuria iliyong'aa kwa majivu na mchanga, lakini sarafu iliyosuguliwa kwa majivu, limau au stilwaya hupoteza ngozi yake ya miaka mia na zile ncha ndogo tulizozitaja, na thamani huondoka nazo. Ioshe kwa maji matupu, ikaushe kwa kitambaa laini, uifunge kwa karatasi. Usiitoboe ili iwe kidani. Usishangae tu ukikuta hela 5 na hela 10 za Ulaya zenye tundu katikati, hizo zilitengenezwa hivyo.

Bei hatuitaji hapa, kwani hubadilika kwa hali ya sarafu na kwa mnunuzi. Ila usiuze siku ileile uliyoulizwa. Mweleze mume wako, waulizeni mawifi na mashemeji, maana kopo la bibi lina wajukuu wengi, na tumeona ndugu wakinuniana kwa vitu vidogo kuliko hivi. Piga picha pande zote mbili. Kama huna simu, weka karatasi nyembamba juu ya sarafu na upitishe penseli taratibu. Taji na zile L vitatokea. Andika pembeni rangi yake, ilikuwa ya nani na aliipataje, kabla yule mzee anayekumbuka hajaondoka naye.