Kitabu Kimetiwa Sahihi, Barua Imerudi Mfukoni

Ndugu Wanachama,

Mtakumbuka kuwa Halmashauri ya Chama ilitutuma watu watatu, yaani Mweka Hazina, Bibi Mjumbe na Katibu, twende bara mpaka Mbeya na Iringa tukaangalie jinsi wakulima wenzetu wa chai, kahawa na mahindi wanavyoendesha vyama vyao. Taarifa ya safari ile, pamoja na hesabu ya nauli na posho, itasomwa mkutanoni, wala hatutairudia hapa. Hapa twataka kuungama jambo moja lisilokuwamo katika taarifa, kwa sababu twaona lina funzo kwetu sote, na kwa sababu waliokosa ni sisi wenyewe.

Baada ya kuzunguka Rungwe siku mbili, katika mashamba ya chai yaliyotandazwa vilimani kama mabusati, tulirudi Mbeya mjini tukasikia kwamba kiongozi mmoja mstaafu atakuwa katika ukumbi fulani, akitia sahihi kitabu alichoandika juu ya maisha yake. Jina lake hatulitaji, kwa maana hatukumwomba ruhusa, na habari hii si yake bali ni yetu. Itoshe kusema kuwa ni mtu tuliyempenda tangu tungali skuli, na hotuba zake redioni tukizisikiliza kama wengine wasikilizavyo mpira.

Basi tukaona Mungu ametufungulia mlango. Usiku ule, kwa baridi ya Juni ambayo mtu wa Pemba hajaizoea, tulikaa tumejifunika mablanketi tukaandika barua ya ukurasa mmoja. Haikuwa ya malalamiko. Ilikuwa na swali moja tu, ambalo nyinyi wanachama mmeliuliza katika mikutano yetu mara nyingi: inapokaliwa meza ya kupanga bei ya zao, ni nani akaaye hapo kwa niaba ya mkulima, na neno la mkulima humfikia kwa njia gani? Tulijua kuwa mzee yule hana tena madaraka, wala bei ya karafuu haikuwa kazi yake. Lakini alikaa Serikalini miaka mingi, na aliyeishi ndani ya nyumba ndiye ajuaye milango yake.

Asubuhi tukaenda. Tulinunua kitabu kimoja kwa fedha za posho zetu, si kwa fedha za Chama, na Mweka Hazina ni shahidi. Tukasimama katika mstari mrefu wa waalimu, wanafunzi, wafanya biashara na wakulima wenye matope viatuni. Barua ilikuwa katika mfuko wa kanzu ya Katibu. Kadiri tulivyokaribia meza ndivyo moyo ulivyozidi kwenda mbio, kama wa mvulana anayekwenda kusoma khitima mbele ya mashekhe.

Zamu yetu ilipofika, tulimwamkia "Shikamoo", akaitika. Akazitazama kofia zetu na baibui la Bibi Mjumbe, akatabasamu, akauliza, "Nyinyi watu wa visiwani?" Tukajibu, "Naam, Mheshimiwa, tunatoka Pemba." Akauliza, "Na karafuu mwaka huu zimekwendaje?"

Wanachama, hebu pimeni wenyewe. Hatukuwa hata na haja ya kubisha hodi, mwenye nyumba alifungua mlango kwa mkono wake. Na sisi tulikuwa tumetoka kisiwani tukiwaacha watu waliopatwa na mvua karafuu zikiwa majamvini, wengine wamezianua zimekwisha kuingia ukungu, wachumaji wakidai haki yao ya pishi na mwenye shamba hana cha kuwapa. Tukajibu, "Alhamdulillahi, nzuri."

Akasema, "Vyema sana," akatia sahihi, akatupa mkono, na kijana aliyesimama ubavuni pake akamwita wa nyuma yetu. Tulitoka nje tumekikumbatia kitabu, tukapigwa picha, na tulikuwa tumefika stendi ya mabasi ndipo Katibu alipotia mkono mfukoni akaikuta barua.

Tulikaa kimya mpaka Makambako. Hapo Bibi Mjumbe, ambaye ni mkubwa wetu kwa umri, akasema, "Wanangu, barua ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwapo. Tumeipandisha mlima na sasa twaishusha." Hatukuwa na la kumjibu.

Iringa tulilala siku mbili. Juu ya mji ule pana jiwe kubwa liitwalo Gangilonga, na wenyeji walituambia kuwa maana yake kwa Kihehe ni jiwe linalosema. Yasemekana Mtwa Mkwawa, aliyepigana na Wajerumani mpaka kufa kwake mwaka 1898, alikuwa akipanda hapo kukaa na kufikiri. Tulipanda nasi. Mweka Hazina akafanya mzaha kuwa katika nchi hii mawe yanasema na makatibu hawasemi. Tulicheka, lakini mzaha ule ulituchoma.

Mkoa ule una kumbukumbu nyingine isiyo ya mzaha. Huko Isimani, tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Kleruu, alipigwa risasi akafa katika shamba la mkulima Saidi Mwamwindi, katika siku za ugomvi juu ya ardhi na vijiji vya ujamaa, na mkulima yule akahukumiwa kifo. Mwezi wa Mei 1972 viongozi wa TANU wakakutana Iringa wakatoa tamko la Siasa ni Kilimo, la kuhimiza kilimo bora. Hatusemi kuwa hili lilitokana na lile, wala hatumsifu aliyeua. Twasema tu kuwa pale kiongozi na mkulima wasipoweza kuambiana ukweli kwa upole wakati wa amani, ukweli huo hauondoki, bali hungoja siku mbaya. Sisi tulipewa siku njema, mzee mwenye uso mkunjufu na swali lililo wazi, tukasema "nzuri".

Pengine mwanachama atasema kuwa ile ilikuwa ni adabu, na kwamba mtu mzima hasumbuliwi katika siku ya furaha yake. Nasi twaiheshimu adabu, tumelelewa nayo. Lakini tulifundishwa chuoni tangu udogoni kuwa kumwambia mkubwa ukweli kwa heshima ni katika kumtakia kheri. Yeye ameuliza hali, na sisi tumempa hali isiyokuwapo. Huko si kumheshimu, ni kumwacha arudi kwao hajui. Tuliyoyaita adabu pale mezani, tukiyachunguza, yalikuwa ni woga na tamaa ya picha.

Jambo la pili ni juu ya vitabu vyenyewe. Viongozi wetu wameandika, na twawashukuru, kwa kuwa mtu akiandika maisha yake amejitoa mwenyewe kuulizwa. Mzee Aboud Jumbe, aliyekuwa Rais wa Zanzibar tangu 1972 mpaka 1984, alitoa kitabu juu ya Muungano mwaka 1994. Rais Benjamin Mkapa alizindua chake Dar es Salaam tarehe 12 Novemba 2019, siku ya kuzaliwa kwake, miezi michache kabla hajafariki Julai 2020. Humo alitaja mauaji ya Januari 2001 kuwa ni doa katika uongozi wake. Watu wa Pemba hawahitaji kuelezwa uzito wa maneno hayo. Lakini vitabu hivyo viwili vilitoka kwa Kiingereza, na wangapi katika sisi, wenye kuhusika zaidi, tuliweza kuvisoma? Tulipata habari zake kwa kusimuliwa, kila msimulizi akitia chumvi yake.

Marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi alifanya vingine. Kitabu chake, Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, kilichozinduliwa tarehe 8 Mei 2021 alipotimiza miaka 96, alikiandika kwa Kiswahili. Hivyo mchumaji wa karafuu anaweza kukisoma chini ya mkarafuu wake na kupima mwenyewe habari za mtu aliyekuwa Rais wa Zanzibar mwaka 1984, kisha Rais wa Muungano miaka kumi. Mzee yule alifariki tarehe 29 Februari 2024 akazikwa Mangapwani, Unguja. Hawezi kuulizwa tena ana kwa ana, lakini kitabu kipo, na kila msomaji anaweza kukihoji kwa lugha yake.

Hatusemi haya kwa kuwa sahihi ni kitu kibaya. Sahihi ile tuliyoipata ni nzuri, na wino wake ungali unang'aa. Ila tujiulize: kama kitabu kitawekwa kabatini ili wageni waione sahihi, na hapana aliyefungua ukurasa wa pili, tumenunua nini? Mkulima hanunui gunia kwa ajili ya chapa iliyopigwa nje.

Kwa hivyo twatoa shauri letu kwa Halmashauri na kwa wanachama wote. Kwanza, mjumbe ye yote anayetumwa na Chama, akikutana na kiongozi mkubwa au mdogo, atoe neno la Chama kabla ya kuomba picha. Akiona haya kusema, na atoe barua, maana karatasi haina haya. Pili, tuizoeze midomo yetu kutenga salamu na jawabu. Salamu ni salama, lakini akiulizwa mtu hali ya zao, aseme hali ya zao. Tatu, Chama kinunue vitabu vya viongozi vilivyoandikwa kwa Kiswahili, viwekwe ofisini, na tuwaombe wenye kuandika wasitusahau sisi tusiojua lugha nyingine.

Ama kuhusu ile barua, hatukuirudisha Pemba. Kabla ya kupanda basi la Dar es Salaam tuliipeleka Posta ya Iringa, tukaongeza mistari michache chini yake tukisema kuwa sisi ndio wale watu watatu wa visiwani, na kwamba jawabu tuliyompa juu ya karafuu haikuwa ya kweli, na twamwomba radhi. Hadi gazeti hili linapokwenda kupigwa chapa hatujapata jawabu. Likija litasomwa mkutanoni, liwe tamu au liwe chungu.

Kitabu chenyewe kiko ofisini. Bibi Mjumbe amekubali kuwasomea wasioweza kusoma kila Alhamisi baada ya sala ya Alasiri. Mwenye swali aje nalo.

Wenu katika kazi,
KATIBU