Kesi za Ukatili kwa Wanyama: Gharama Alipe Nani?

Mtu ashitakiwapo kwa kumtesa mnyama, watu huuliza mambo mawili: je, amepatikana na hatia, na je, ametozwa faini kiasi gani? Swali la tatu huulizwa kwa nadra sana, nalo ni hili: nani aliyelipa gharama za kesi yenyewe? Wakili ataka ujira wake, daktari wa mifugo vilevile, na mnyama, ambaye ndiye kielelezo cha kesi, hana budi kula kila siku mpaka hukumu itakapotolewa. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua ni kesi zipi zitakazofika mahakamani na ni zipi zitakazofia njiani.

Jambo hili ladhihirika zaidi nchini Uingereza, ambako ndiko zilikochimbuka sheria za namna hii tulizozirithi. Bunge la huko lilipitisha sheria ya kuzuia kuteswa kwa ng'ombe, farasi na kondoo mwaka 1822, kwa juhudi za mbunge Richard Martin. Kuitunga kulikuwa rahisi kuliko kuitekeleza. Mwaka 1824 Martin na wenzake, akiwamo William Wilberforce aliyepiga vita biashara ya watumwa, walianzisha chama cha kuwapeleka wakosaji mahakamani. Haikuchukua muda fedha zikawaishia, na mwaka 1826 kasisi Arthur Broome, aliyekuwa mwanzilishi na katibu wa kwanza, akatiwa gerezani kwa ajili ya madeni ya chama. Yaani mtu wa kwanza kulipia gharama hizi alizilipa kwa uhuru wake mwenyewe!

Chama hicho, ambacho tangu mwaka 1840 kina hadhi ya kifalme, kimeendelea na kazi hiyo kwa karibu karne mbili. Sheria ya Uingereza humruhusu raia au chama kufungua mashitaka ya jinai kwa jina lake, na kwa hiyo sehemu kubwa ya kesi za ukatili kwa wanyama huko imefunguliwa na chama hiki, kwa fedha za sadaka na wasia. Mshitakiwa akipatikana na hatia, mahakama yaweza kumwamuru arudishe gharama, lakini kwa kiasi kile tu kinachoonekana kuwa ni cha haki. Hapo ndipo penye pengo.

Tuchukue mfano wa mwaka 2012. Chama kilikishitaki kikundi cha wawindaji wa mbweha cha Heythrop, katika mkoa wa Oxfordshire, kwa kuvunja sheria ya mwaka 2004 inayokataza kuwinda kwa mbwa. Wawindaji walikiri makosa. Kesi iligharimu chama zaidi ya pauni 326,000, na kikundi kikatozwa faini ya pauni 4,000 na kuamriwa kulipa pauni 15,000 za gharama. Hakimu mwenyewe alistaajabia ukubwa wa matumizi hayo, na magazeti yakahoji kama ndivyo sadaka za wapenda wanyama zilivyokusudiwa kutumika. Wenye kuhoji hivyo walikuwa na haki, ingawa hawakusema ni nani mwingine ambaye angeifungua kesi ile.

Marekani imefuata njia nyingine. Katika majimbo mengi mwenye mnyama aliyekamatwa aweza kuamriwa aweke dhamana ya malisho na matibabu kabla kesi haijaamuliwa, na asipoiweka hupoteza haki ya kummiliki. Mchezaji maarufu Michael Vick, aliyekiri mwaka 2007 kushiriki katika biashara ya kupiganisha mbwa huko Virginia, alitakiwa kutoa kiasi cha dola 928,000 kwa ajili ya matunzo ya mbwa wapatao 50. Alikuwa tajiri, akatoa. Lakini je, asiye nacho? Huyo humpoteza mnyama wake kabla ya kusikilizwa, na akija kuachiliwa, hakuna cha kumrudishia.

Kwetu Afrika Mashariki, sheria ya Uganda ni ya mwaka 1957, ya Kenya ni Sura ya 360, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2008. Maneno yake mengi yafanana na ya Uingereza, ila kilichokosekana ni ule mfuko. Kenya kweli ina chama cha kuwahurumia wanyama tangu mwaka 1910, lakini katika eneo letu mashitaka kwa kawaida ni kazi ya polisi na dola. Panga lenye damu huwekwa kabatini likangoja siku ya kesi. Punda hawekwi kabatini. Askari anayemkamata punda mwenye vidonda mgongoni ajua kwamba tangu saa ile atafutiwe majani, maji na dawa, pengine kwa miezi, na kituo hakina fungu la fedha kwa kazi hiyo. Hatuna haja ya kumlaumu akimwonya mwenye punda na kumwachia aende zake.

Kuiga dhamana ya Wamarekani kungeliondoa tatizo la askari na kulipeleka kwa mchuuzi wa maji, ambaye punda huyo ndiye jembe lake na chakula cha watoto wake. Mahakama za Uingereza, chini ya sheria ya mwaka 2006, zaweza kuamuru mnyama auzwe mapema, zikizingatia kuilinda thamani yake na kutoziongeza gharama. Fedha za mauzo zingeweza kungoja hukumu bila kula majani. Hata hivyo punda mwenye vidonda hana bei sokoni, na siku za kumtibu hata apate bei lazima zilipiwe na mtu. Kwa siku hizo chache, mlipaji hawezi kuwa mwingine ila Hazina.