Naitrojeni ya Ng'ombe na Somo la Sumaku

Kusikia si kuona. Mwanafunzi wa Korogwe hujifunza kwamba umeme wa mitambo ya Hale, iliyoanza kazi mwaka 1964, hupotea kiasi njiani kwa sababu nyaya huukinza na kupata joto. Mwenzake wa Handeni hujifunza hayo hayo. Lakini waambiwapo kwamba viko vitu ambavyo vikipoozwa sana huupitisha umeme pasipo ukinzani wowote, jambo hilo hubaki kuwa hadithi tu.

Hadithi hiyo ni kweli. Mwaka 1911, huko Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aliiona katika zebaki iliyopoozwa hadi nyuzi 269 hivi chini ya sifuri. Mwaka 1957 Bardeen, Cooper na Schrieffer walieleza sababu yake: elektroni, ambazo kwa kawaida husukumana, hufungamana mbili mbili. Kila elektroni ni kama sumaku ndogo, na katika jozi hizo moja huelekea huku na ya pili kule. Sumaku ya nje huzivuta zote zielekee upande mmoja, tena huzipinda njia zao. Ikizidi nguvu, jozi huvunjika na ukinzani hurejea.

Hata hivyo, viko vipitishi vilivyoiacha desturi hiyo. Mchanganyiko wa itriamu, bariamu, shaba na oksijeni, uliogunduliwa mwaka 1987, hupoteza ukinzani kwenye nyuzi 180 hivi chini ya sifuri, na nadharia ya mwaka 1957 haitoshi kuueleza. Sumaku hupenya ndani yake kwa vijia vyembamba, na katika kiini cha vijia hivyo tu ndimo jozi huvunjika. Ajabu zaidi ni mchanganyiko wa urani na teluri, uliotangazwa mwaka 2019: sumaku yenye nguvu zaidi ya tesla 40, ikielekezwa kwa pembe maalumu, huurudisha upitishaji uliokwisha kutoweka. Wanafizikia wengi hudhani kwamba elektroni za jozi zake huelekea upande mmoja, na kwa hiyo sumaku haizitenganishi kwa urahisi.

Yapo maonyesho ya jambo hili yasiyohitaji maabara ya Ulaya. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha, huhifadhi mbegu za madume ya ng'ombe katika naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtungi wa namna hiyo ukifika Korogwe au Handeni kwa ajili ya mifugo, vikombe vichache vyake vyatosha kupooza kidonge cha ule mchanganyiko wa shaba. Sumaku ndogo ikiwekwa juu yake huning'inia hewani, kwa kuwa vijia vyake vimenaswa na dosari zilizomo ndani ya kidonge.

Wako watakaosema kwamba hii ni anasa, wakati shule nyingi hazina hata vifaa vya kawaida. Hoja hiyo ni nzito, lakini haihusu gharama ya kidonge kimoja kinachoweza kutumika miaka mingi. Wengine watahofia usalama, na wana haki: naitrojeni huunguza ngozi, na katika chumba kilichofungwa hufukuza hewa ya kuvuta. Ndiyo sababu kazi hii ifaa ianzie Chuo cha Ualimu Korogwe, ambako walimu watafunzwa kuishika kwa glovu, miwani na madirisha wazi, kabla ya kuipeleka shuleni.

Mbeya, penye mlima wa Panda, ina niobi, madini ya kutengenezea nyaya za sumaku za mashine za kupigia picha za mwili hospitalini. Rukwa kumegunduliwa heli, gesi inayozipooza sumaku hizo. Taifa lenye vitu hivyo viwili lisiporidhika kuvichimba tu, litahitaji vijana wanaojua kazi yake. Kijana wa Handeni aliyekwisha kuiona sumaku ikielea juu ya kikombe cha wahimilishaji atakuwa ameianza safari hiyo.